Rangi ya Buluu na Mikono ya Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe. Tena si kidogo. Nusu ya majirani zangu hapa Mamboleo, Kisumu, wameshuhudia, na wengine walikuja mbio bila viatu.

Naandika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Najua kuna picha kwenye simu za watu. Afadhali mpate habari kwa mwenye aibu.

Wengi wenu mnajua nilifiwa na mke wangu, Mama Atieno, mwaka jana. Sitasema mengi. Mimi si mtu wa maneno, na shule yangu iliishia darasa la nane. Yeye alikuwa anauza samaki ufuoni Dunga, na ndiye aliyeongea kwa niaba ya nyumba nzima. Alipoondoka, nyumba ikanyamaza. Mimi nikaingia karakana.

Nasema karakana, lakini ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Ndani kuna mashine ya kuchonga vyuma, kuukuu, nzito kama fahali aliyekataa kuinuka. Tuliipata kwa mzee mmoja Singasinga aliyekuwa anafunga karakana yake mjini. Ilikuwa na kutu mpaka kwenye vishikio. Mama Atieno aliizunguka akiigongagonga kama mtu anayechagua mtungi sokoni, akasema, "Hii itakutoa kwenye kazi za watu." Siku ilipoletwa na lori, majirani waliuliza tutaanza lini kuwasagia mahindi.

Tulianza kuifungua pamoja. Mimi nilishika spana, yeye alinishikia taa na kunichekesha. Sasa taa nimeifunga kwenye mbao. (Inashika vizuri. Lakini haina hadithi.)

Katika miezi hii ya msiba nimebadilisha beringi zote. Giya nimeziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Mota yake ilitaka umeme wa kiwandani, nami nina umeme wa nyumbani tu, kwa hiyo nikafunga kifaa kidogo cha kuubadilisha. Nimeiwekea hata skrini ndogo inayoonyesha meza yake imesogea kiasi gani. Mashine ya zamani, macho mapya. Kilichobaki ni pale chini, meza inapoteleza. Pamelika na miaka, hapako sawa.

Kupasawazisha kuna njia yake. Unachukua bamba la chuma lililonyooka kabisa, unalipaka rangi ya buluu, nyembamba, halafu unalisugua pale. Rangi inaposhika, hapo ndipo pameinuka. Unapakwangua kidogo. Unapaka tena. Unakwangua tena. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Ni kazi pia ya mtu asiyetaka kurudi ndani ya nyumba. Sijui mimi ni yupi kati ya hao.

Jambo moja kuhusu hiyo rangi: haikauki. Na haitoki kwa maji. Maji yanaitembeza tu. Inatoka kwa mafuta ya kupikia, na hata hapo inatoka kwa hasira. Binti yangu Atieno, ana miaka kumi na mitatu, amezoea. Akinunua mafuta ya kupikia anasema, "Haya ni ya sukuma wiki, haya ni ya mikono ya Baba."

Jumatano mama mkwe akapiga simu. Yeye anaishi Mbita, ng'ambo ya ziwa.

"Nasikia siku hizi unalala na chuma."

"Hapana, Mama."

"Nasikia mtoto anakula chai na mkate, tena peke yake."

Kuna siku ni kweli.

"Jumamosi nakuja," akasema. "Atieno afunge nguo zake. Nitamlea mimi."

Nikasema, "Sawa, Mama." Ndiyo, nilisema sawa. Ningesema nini? Nilipomwambia Atieno, hakulia wala hakubishana. Alichukua begi lake, akaweka sare ya shule, akafunga zipu. Halafu akakaa juu yake kama mtu anayesubiri basi.

Mimi nikajipangia mpango. Nitamaliza kukwangua kabla Mama hajafika, nitaiwasha mashine mbele yake, itachonga chuma akiona kwa macho yake. Atajua nimekuwa nikijenga kitu kule nyuma, sijajificha tu. (Nilikuwa najificha pia. Lakini hilo mashine haiwezi kulisema.)

Leo nimeanza kazi alfajiri. Mama alisema atafika baada ya chakula cha mchana. Alipata gari la mtu wa kanisani kwao aliyekuwa anakuja Kisumu kununua mabati. Akafika saa nne asubuhi.

"Baba! Dani amefika!" Atieno aliita. Dani ni bibi.

Nikaruka. Nikaifunika mashine haraka. Nikafuta mikono kwa kitambaa. (Kitambaa kilekile nilichofutia rangi wiki nzima.) Nikavaa shati jeupe lililokuwa limening'inia mlangoni. Nikafuta jasho usoni. Mikono ilikuwa bado na rangi, niliiona, lakini sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mniulize kwa nini. Kwa sababu tangu nioe, mama mkwe wangu hajawahi kunipa mkono. Wale wa kwetu mnaelewa. Yeye ni wa kizamani. Anasimama kule, mimi nasimama huku, nainamisha kichwa, tunasalimiana kwa adabu, basi. Hata siku ya mazishi ilikuwa hivyo. Simtazami usoni, yeye hanigusi. Nilihesabu kwamba hata ningekuwa nimetoka kuchinja fahali, mikono yangu haimhusu.

Nikatoka nje. Mama alikuwa amesimama uani, gauni jeupe la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mkubwa chini. Nikasimama mbali, nikainamisha kichwa.

"Mama, karibu."

Halafu nikaona viatu vyake vinakuja. Vinakuja. Vimefika mbele ya vyangu.

"Baba Atieno," akasema, "leo tuyaache hayo."

Akanyoosha mikono yote miwili, akashika yangu yote miwili, akaifinya. Akaishikilia. Aliishika kama mtu aliyekuwa akitaka kufanya hivyo tangu siku ya mazishi akashindwa.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka pia aendelee kunishika. Yote mawili kwa pamoja.

"Umebadilika rangi," akasema taratibu. Macho yake si mazuri, na miwani alikuwa ameisahau kwenye gari.

"Ni kazi, Mama," nikasema nikitazama chini.

Akaingia ndani. Ukutani kuna picha ya binti yake, ile aliyopigwa Dunga akiwa amebeba samaki aina ya ngege, mkubwa kama mtoto mchanga. Mama akasimama mbele yake. Nikasikia pumzi inamkatika. Akalia, bila sauti, na akafuta machozi kwa viganja. Jicho la kulia, jicho la kushoto, halafu uso wote kwa mara moja, kuanzia juu mpaka chini.

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kwa adabu. Hayo ya viganja aliniambia Atieno baadaye.

Halafu akasema tuombe. Akamwita Atieno, akamshika mashavu, akaomba maombi marefu. Alimwombea marehemu, akaniombea mimi, akaombea safari yao ya kurudi kwa feri ya Luanda Kotieno. Tuliposema amina nikainua macho kidogo tu, kwa bahati mbaya.

Jamani.

Mama mkwe wangu alikuwa buluu. Chini ya macho mistari miwili minene. Paji la uso alama ya vidole. Kitambaa cheupe kichwani kilikuwa na kiganja kizima, kamili, mtu angeweza kusoma mistari yake. Atieno mashavu yote mawili. Atieno alikuwa ananitazama, midomo ameibana.

Sasa niambieni. Nani anamwambia mama mkwe kwamba uso wake una rangi? Kwanza, nimeonaje, ikiwa simtazami? Pili, imetoka wapi? Nilifungua mdomo mara kadhaa. Nikaufunga mara hizohizo.

"Mama," nikasema mwishowe, "labda ungependa kunawa? Vumbi la barabarani..."

"Unaniona mchafu?"

"Hapana, Mama! Hapana kabisa."

"Nitanawa," akasema. "Atieno, niletee maji."

Nikapumua. Atieno anajua dawa ni mafuta. Anajua kuliko mtu yeyote. Nikamwona anaenda jikoni. Akarudi na karai la maji ya vuguvugu na sabuni.

Maji! Nikamkazia macho. Yeye akaangalia dirishani.

Mama akanawa vizuri sana, kama watu wazima wanavyonawa, mpaka nyuma ya masikio. Ile mistari ikaungana. Alipoinua uso hakukuwa na alama tena. Kulikuwa na rangi moja tu, sawasawa, mpaka shingoni. (Katika miezi yote hii sijawahi kupaka bamba langu vizuri hivyo.) Akajifuta kwa taulo la kijani, akaona taulo limekuwa jeusi jeusi, akasema, "Kweli barabara ina vumbi."

Kisha akasimama. "Haya. Nipeleke nimwone mke mwenza wa binti yangu."

Nikajua anasema mashine.

Tukaenda nyuma. Nikafungua mlango wa kibanda. Mashine ilikuwa imefunikwa, kwa maana mimi siiachi wazi ikishika vumbi. Na hapa ndipo niliposahau jambo lingine. Niliifunika kwa leso ya Mama Atieno, ile kanga yake ya kujifunga.

Mama aliitambua hata bila miwani. Akaishika pindo.

"Hii nilimnunulia mimi," akasema. "Alipojifungua Atieno."

"Ndiyo, Mama."

"Umekivalisha chuma."

Nikasema ukweli. "Yeye ndiye aliyeichagua hii mashine, Mama. Sikujua niiweke wapi leso. Kabatini niliona kama namzika tena."

Aliikunja polepole, akaiweka kwapani. Akaizunguka mashine, akagusa vishikio, akagusa meza. Nikaanza kumweleza. Ghafla nikawa na maneno. Nilimweleza beringi, nikamweleza giya, nikamweleza kwamba binti yake alishika taa hapa, uliposimama wewe sasa. Nikamwonyesha skrini.

"Na hiki?"

"Hicho ndicho kipya, Mama. Kinasoma hesabu."

"Sioni hesabu."

"Sijawasha. Subiri niwashe."

Nikageuka kutafuta swichi. Yeye, kwa sababu ya macho, akainama karibu kabisa na ile skrini. Skrini iliyozimwa ni nyeusi, inang'aa kama kioo.

Akakutana na mtu wa buluu.

Mama alipiga nduru. Wasio wa kwetu niwaeleze: nduru si kelele ya kawaida. Ni ule ukemi mrefu wa msiba, unaopigwa mtu akikata roho, na ukisikika, kila mtu anaacha alichoshika anakimbia kunakotoka. Na nyumba yangu inajulikana kuwa nyumba ya msiba.

Wakaja. Mama Rukia wa jirani alifika wa kwanza, mwiko wa ugali mkononi, tayari analia. "Nani? Ni nani? Ni Baba Atieno? Nilisema! Nilisema yule baba atakufa kwenye kile kibanda!" Nyuma yake fundi viatu. Nyuma yake vijana wa bodaboda. Nyuma yao mwanamke nisiyemjua kabisa, lakini alikuwa analia kuliko wote.

Wakasimama mlangoni. Wakatuona. Mama mkwe buluu. Atieno mashavu buluu. Na mimi, ndipo nikaambiwa, nilikuwa na buluu kuanzia paji mpaka kidevu tangu asubuhi, maana nilifuta jasho kwa kile kitambaa. Nilimpokea mama mkwe hivyo. Niliomba hivyo. Nilizungumza habari za marehemu hivyo.

Mama Rukia akashusha mwiko. Akatutazama mmoja mmoja.

"Baba Atieno," akauliza, "kwani leo kuna mechi?"

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Mabati yalitetemeka. Yule mwanamke nisiyemjua alicheka mpaka akaketi chini.

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kiti uani, mgongo wima, huku Mama Rukia akimsugua uso kwa mafuta ya kupikia na watu wamejaa hadi kwenye ua. Rangi ikaanza kutoka kidogo kidogo. Gari la kanisani likapiga honi nje. Dereva akachungulia juu ya ua, akaona, akarudisha kichwa.

"Mwambie aende," Mama akasema. "Mimi sipandi feri nikiwa hivi. Watu wa Mbita watanitungia wimbo."

Halafu akamgeukia Atieno.

"Wewe. Ulijua rangi hii haitoki kwa maji?"

Atieno akainamisha kichwa. "Nilijua, Dani."

"Na ukaniletea maji."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ungenawa ikatoka, tungeondoka."

Watu wakaacha kucheka. Hata wale wa bodaboda.

"Hutaki kuja kwangu?"

"Nataka, Dani. Nataka kuja likizo." Sauti yake ikawa ndogo. "Lakini nikienda sasa, Baba atabaki na nani? Hata redio haiwashi."

Uso wa Mama ulikuwa unang'aa kwa mafuta, nusu wake mwenyewe, nusu buluu. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanitazama moja kwa moja machoni, na akangoja mpaka nami nikamtazama.

"Na wewe? Siku ile kwenye simu ulisema sawa. Nataka nisikie mdomoni mwako. Wewe unataka nini?"

Mbele ya watu wote wale! Nilikuwa na mpango, mnakumbuka. Mashine ingewaka, ingechonga, ingesema kwa niaba yangu. Sasa mashine imezimwa, na mimi nimesimama na shati lililoharibika.

"Nataka abaki," nikasema.

Maneno mawili tu. Lakini sauti ilikatika katikati, na nyuma yake yakaja yale ambayo hayakuja siku ya mazishi, wala siku ya arobaini, wala siku moja kati ya siku zote hizi. Nililia. Mtu mzima, uani kwangu, mbele ya fundi viatu. Nililia kwa sauti, nikifuta kwa mikono, na kila nikifuta nazidi kuwa buluu. Kuna mtu alicheka, halafu akaacha. Mama Rukia alinipa aproni yake nijifutie. Atieno akaja akaniegemea pembeni, na shati langu likamchafua upande mwingine pia.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Rangi ni sehemu tu.

Mama akaniacha nimalize. Halafu akasema, kwa sauti ya kutoa hukumu, "Basi atabaki. Lakini mtakula pamoja, kwa meza, chakula cha kupikwa. Na nitakuja kuangalia, na sitapiga simu kwanza."

"Sawa, Mama," nikasema. Safari hii nilimaanisha.

"Na leso naondoka nayo. Huyo mke mwenza mnunulie nguo yake."

Sasa mnajua kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake, hata awe na rangi gani. Kwa hiyo Mama Rukia amemchukua kwake usiku huu. Jioni tumekula samaki na ugali, mimi na Atieno, kwa meza. Hatukuongea sana. Begi lake nimeliona liko tupu kitandani. Kutoka kwa Mama Rukia nasikia wanawake wawili wanacheka, na mmoja wao ninamfahamu. Sijawahi kumsikia akicheka tangu mwaka jana.

Mashine sijaiwasha. Bado kuna mahali pameinuka. Nitapakwangua wiki ijayo, nikishakula.

Ombi langu ni moja: mkicheka, msicheke kwa sauti ya kusikika Mbita. Na yeyote mwenye picha, aifute kwa mafuta ya kupikia, maana maji hayatasaidia.